Namba ya Mgeni Hutolewa Ofisini: Kwa Nini Machi ya Besiboli Hudanganya

Kila mwaka ikifika wiki ya mwisho ya Machi, mashabiki wa besiboli ya kulipwa Marekani hugombana kwa jambo lilelile. Kwa nini yule kijana aliyewasha moto kambini, kwenye maandalizi ya msimu, karudishwa ligi ndogo, na yule mkongwe aliyekuwa akipiga hewa mwezi mzima kabakishwa? Lawama humwangukia kocha, na kwa kiasi kikubwa kocha anaonewa. Katika MLB, ligi kuu ya huko, namba ya mgeni, yaani mchezaji anayeingia ligi hiyo kwa mara ya kwanza, siku ya ufunguzi huamuliwa na karatasi kuliko fimbo: amebakiza opsheni ngapi (ruhusa za klabu kumshusha ligi ndogo bila kumpoteza), yumo au hayumo katika orodha ya watu 40, siku zake za utumishi zimefika ngapi, na nani itabidi atemwe ili yeye aingie. Asiyezijua karatasi hizo anaweza kutazama mechi zote 30 za maandalizi na bado akashangazwa na kikosi kitakachotangazwa.

Tuanze na idadi ya viti. Klabu ni 30, na kila moja hufungua msimu ikiwa na wachezaji 26, kati yao warushaji wasizidi 13. Kwa kawaida klabu hujaza hao 13 wote, kwa hiyo wapigaji hubaki 13. Ondoa tisa wanaoanza, akiwemo yule mpigaji maalumu asiyecheza ulinzi, unabaki na wanne wa benchi. Mmoja lazima awe mdakaji wa akiba, yule anayepokea mipira ya mrushaji, maana mdakaji akiumia huwezi kumvisha vifaa mtu yeyote tu. Mmoja awe anaweza kucheza besi ya pili, besi ya tatu na shotistopu, katikati ya hizo mbili. Mmoja awe mlinzi wa nyuma mwenye mbio. Kinabaki kiti kimoja. Mgeni anayegombea namba hagombei viti 26, basi. Anagombea viwili au vitatu, na angalau kimojawapo ni cha kusugua benchi.

Na benchi ni sumu kwa kijana. Mpigaji wa miaka 21 anahitaji kusimama mbele ya mrushaji mara nne kila siku, siku sita kwa wiki, ili jicho lizoee. Ukimweka benchi ligi kuu anapata hizo mara nne kwa wiki nzima, halafu Juni mnashangaa kwa nini amepoteza muda wake wa kupiga. Ndiyo maana klabu makini humpeleka kijana bora Triple-A, daraja la juu kabisa la ligi ndogo, akacheze kila siku, na kiti cha mwisho wanampa mtu wa miaka 31 asiye na mengi ya kujifunza. Kwa shabiki inaonekana kama dharau. Mara nyingi ni busara, ingawa si mara zote, na hizo nyingine nitazifikia.

Kambi yenyewe huanza katikati ya Februari. Klabu 15 hupiga kambi Florida na 15 Arizona. Warushaji na wadakaji hutangulia takriban wiki moja kabla ya wengine, kwa sababu mkono wa kurusha hauharakishwi. Mrushaji wa kuanza mechi huanza kwa kumrushia mdakaji pembeni mipira kama 25 hivi, akapumzika siku mbili au tatu, akarudia. Kisha hurushia wapigaji wa timu yake mwenyewe. Baada ya hapo hupewa awamu moja au mbili kati ya tisa za mechi, na kila anaporudi huongezewa awamu moja, mpaka mwisho wa Machi anafika awamu tano na mipira 75 hadi 90. Ni wiki sita kamili. Mrushaji mgeni ambaye hajahakikishiwa chochote hujaribiwa kuruka ngazi: wiki ya kwanza anafyatua maili 98 kwa saa ili makocha wamwone. Kiwiko na bega ndivyo vinavyolipa. Mkongwe mwenye mkataba mnono hana haraka hiyo, naye hufika Aprili akiwa mzima.

Ukitazama mechi ya mwanzo wa Machi, angalia namba za migongoni. Namba 4 au 17 ina mwenyewe. Namba 72, 87 au 91 kwa kawaida ni ya kijana wa ligi ndogo au mwalikwa asiyekuwa kwenye orodha ya 40. Hao huingia awamu ya sita, wenye namba wakishaoga na kuondoka. Hapa ndipo takwimu za Machi zinapoharibika: mgeni anaweza kupiga homurani mbili, mapigo ya kuvusha mpira nje ya uwanja, awamu ya nane dhidi ya mrushaji ambaye mwaka jana alikuwa madaraja mawili chini ya Triple-A. Kuna na hewa ya Arizona, kavu kiasi kwamba mpira husafiri mbali na mrusho wa kukunja haukunji vizuri. Halafu kuna wakongwe wanaofanya majaribio, mrushaji ambaye leo ameamua kurusha mrusho mmoja mpya mara ishirini mfululizo, apigwe asipigwe. Takwimu haijui kwamba alikuwa mazoezini.

Mfano usiosahaulika ni Shohei Ohtani, Machi 2018, alipotoka Japan kujiunga na Los Angeles Angels. Kambini alipata mapigo manne tu katika zamu 32, wastani wa .125. Alipopanda kurusha katika mechi rasmi za maandalizi, wastani wa pointi alizoruhusu kwa awamu tisa ulifika 27. Wapo walioandika kwamba hajaiva, aanzie ligi ndogo. Ila siku za mwisho za kambi alibadilisha kitu kimoja kidogo: akaacha kuinua mguu wa mbele anapojiandaa kupiga, akawa anagusa tu ardhi kwa ncha ya kiatu. Mguu ukitua mapema, macho hayayumbi, na mpigaji hupata sehemu ya sekunde ya ziada kusubiri mrusho wa kasi. Alimaliza msimu na homurani 22, wastani wa .285, na tuzo ya mgeni bora wa ligi yake. Klabu haikubabaishwa na .125, na ilifanya vizuri. Waliokuwa karibu naye waliona mguu, si wastani.

Sasa karatasi. Kila klabu ina orodha ya watu 40 ambao klabu nyingine haiwezi kuwagusa. Kikosi cha 26 lazima kitoke humo. Mwalikwa wa kambi asiye katika orodha hiyo, hata apige .400, hawezi kuingia mpaka mtu mmoja aondolewe, au mgonjwa mmoja ahamishiwe katika orodha ya majeruhi wa siku 60, ambayo haihesabiwi ndani ya 40. Kwa hiyo unaposoma kwamba mrushaji fulani ameumia kiwiko na kapelekwa orodha ya siku 60, usiishie kumhurumia. Angalia nani kaingia siku hiyohiyo. Kwa mgeni fulani hiyo ndiyo ajira.

Aliye ndani ya 40 lakini nje ya 26 hupelekwa ligi ndogo kwa opsheni. Mchezaji huwa na miaka mitatu ya opsheni. Mwaka mmoja huhesabika umetumika akikaa chini jumla ya siku 20 au zaidi, na ndani ya mwaka huohuo klabu inaweza kumshusha na kumpandisha, lakini tangu 2022 haizidi mara tano. Akishashushwa, mpigaji hukaa chini siku 10 na mrushaji siku 15 kabla ya kurudi, isipokuwa anarudi kujaza pengo la majeruhi. Miaka mitatu ikiisha, kumshusha maana yake ni kumtangaza kwanza kwa klabu nyingine 29, na yeyote anayemtaka humchukua bure au karibu na bure.

Chukua walinzi wawili wanaogombea kiti cha mwisho. Wa kwanza ana miaka 24, amepiga .340 kambini, ana opsheni mbili. Wa pili ana miaka 28, amepiga .190, hana opsheni hata moja. Klabu ikimchagua wa kwanza, wa pili atachukuliwa na wengine kesho yake, na siku mtu akiumia Aprili 20 hakuna wa kumpandisha. Ikimchagua wa pili, wa kwanza yuko Triple-A akicheza kila siku, na wote wawili bado ni mali ya klabu. Meneja mkuu atakwenda na wa pili mara tisa kwa kumi, na atasema mbele ya waandishi kwamba kijana ana mambo ya kurekebisha kwenye ulinzi. Maelezo hayo huenda ni kweli. Lakini hata kijana angekuwa malaika kwenye ulinzi, jibu lingekuwa lilelile.

Ongeza na wakongwe waliowahi kuwa wachezaji huru, ambao wamekuja kambini kwa mkataba wa ligi ndogo. Mkataba wa pamoja wa 2022, kati ya ligi na chama cha wachezaji, unawapa wenye sifa haki ya kuvunja mkataba siku tano kabla ya ufunguzi, kisha tena Mei 1 na Juni 1. Ndiyo sababu mambo mengi hufumuka kwa mkupuo karibu Machi 20: klabu inalazimika kumwambia mzee wa miaka 33 ndiyo au hapana, na jibu lake hufungua au hufunga mlango wa kijana mmoja.

Pesa inaeleza ukali wa jambo hili. Kambini hakuna mshahara, kuna posho tu. Mshahara huanza kuhesabiwa siku ya ufunguzi. Kima cha chini cha ligi kuu kwa 2025 kilikuwa dola 760,000, yaani zaidi kidogo ya dola 4,000 kwa siku. Kima cha chini cha Triple-A, katika mkataba wa kwanza kabisa wa chama cha wachezaji wa ligi ndogo uliosainiwa 2023, kiliwekwa dola 35,800 kwa mwaka. Siku tisa juu zinashinda mwaka mzima chini. Mgeni anayeambiwa asubuhi ya Machi 24 kwamba anaanzia Triple-A hajapoteza heshima tu.

Klabu nayo ina hesabu yake, na hapa ndipo penye uchafu. Msimu huwa na siku zipatazo 187. Mchezaji akikaa ligi kuu siku 172, amehesabiwa mwaka mzima wa utumishi. Miaka mitatu humpa haki ya kupelekwa kwa msuluhishi wa mishahara, na miaka sita humfanya mchezaji huru. Kwa hiyo klabu ikimchelewesha kijana wiki mbili na kitu mwanzoni mwa msimu wake wa kwanza, anaishia siku 171 au pungufu, na klabu inajipatia mwaka wa saba wa kumtumia. Wiki mbili za Aprili wakati yeye bado mbichi, kwa mwaka mzima akiwa na miaka 28 kwenye kilele chake! Mfanyabiashara gani atakataa?

Chicago Cubs hawakukataa mwaka 2015. Kris Bryant aliongoza kambi zote kwa homurani tisa, akateremshwa, sababu rasmi ikiwa ulinzi wake wa besi ya tatu. Alipandishwa Aprili 17, akamaliza msimu na siku 171. Ilipungua siku moja. Alikuwa mgeni bora wa ligi yake mwaka huo, na mwaka uliofuata mchezaji bora. Alilalamika kupitia chama cha wachezaji, na uamuzi ulipotoka Januari 2020 alishindwa: klabu ilikuwa imefuata kanuni zilivyoandikwa. Nadhani msuluhishi alikuwa sahihi kisheria, na ndivyo kanuni ilivyojianika ubovu wake.

Mkataba wa 2022 ulijaribu kutibu kwa njia mbili. Kwanza, mgeni mwenye sifa anayemaliza katika nafasi mbili za juu za kura za mgeni bora hupewa mwaka mzima wa utumishi hata kama alipandishwa Mei. Paul Skenes alianza kurushia Pittsburgh Pirates Mei 11, 2024, akashinda tuzo hiyo, na mwaka wake ukahesabiwa wote. Pili, klabu inayompa mgeni wa kiwango cha juu namba tangu mwanzo wa msimu inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada kwenye drafti, ambako klabu huchagua vijana wapya kwa zamu, endapo atakuja kuwa mgeni bora au kukaribia tuzo kubwa kabla hajafikia usuluhishi wa mishahara. Seattle Mariners walivuna kwa Julio Rodríguez, Arizona Diamondbacks kwa Corbin Carroll, Baltimore Orioles kwa Gunnar Henderson.

Dawa hiyo inafanya kazi, lakini kwa wachache. Sharti la zawadi ya drafti ni kijana awe ndani ya wachezaji 100 bora katika angalau orodha mbili kati ya tatu zilizotajwa kwenye mkataba, na orodha hizo zinatungwa na vyombo vya habari, kimojawapo ni cha ligi yenyewe. Yaani mwandishi akimweka kijana nafasi ya 104, klabu haina motisha yoyote ya kumfungulia mlango Machi. Wa 104 anabaki na sheria ya zamani ya Bryant. Ningekuwa upande wa chama cha wachezaji mezani, mkataba wa sasa ukiisha Desemba 2026, ningeacha kupigania zawadi na kupigania idadi: mwaka uhesabike kwa siku 140, si 172. Klabu itakayotaka kuiba mwaka ilazimike kumficha kijana mwezi mmoja na nusu hivi, gharama ambayo timu inayotaka ubingwa haiwezi kuificha kwa mashabiki wake.

Njia ya tatu klabu zimeibuni zenyewe, nayo ni kumsainisha kijana mkataba mrefu kabla hajacheza mechi hata moja. Milwaukee Brewers walimpa Jackson Chourio miaka minane na dola milioni 82 Desemba 2023, akiwa na miaka 19. Siku za utumishi zikakosa maana, akafungua msimu wa 2024 akiwa kikosini. Alisuasua hadi mwishoni mwa Mei. Hakuna aliyemshusha, na akamaliza na homurani 21 na besi 22 za kuiba. Mkataba mrefu unanunua subira, kitu ambacho kijana wa mkataba wa kima cha chini hana.

Kuna mgeni mwingine ambaye magazeti humtaja kwa mstari mmoja, nami naona ndiye wa kufuatilia kuliko wote: aliyechukuliwa katika drafti ya Kanuni ya Tano. Kila Desemba, klabu inaweza kuchukua mchezaji wa klabu nyingine aliyekaa ligi ndogo miaka minne au mitano, kutegemea umri aliosajiliwa, bila kuingizwa katika orodha ya 40. Bei ni dola 100,000. Sharti ni kali: akae katika kikosi cha ligi kuu msimu mzima, hana kushushwa. Ukimchoka, unamrudisha kwa klabu yake ya awali kwa dola 50,000. Na ukijaribu kumficha kwenye orodha ya majeruhi, haitoshi. Anatakiwa awe mzima kikosini angalau siku 90, la sivyo sharti linamfuata mwaka unaofuata.

Kocha hufanya nini na mrushaji ambaye hajawahi kufika hata Double-A, daraja moja chini ya Triple-A, na hawezi kumshusha? Humpa awamu za takataka, timu ikiwa nyuma kwa pointi saba au mbele kwa tisa. Wiki nzima inaweza kupita bila yeye kugusa mpira wa mechi. Johan Santana alipita hapo: alitoka mfumo wa Houston Astros Desemba 1999 kupitia drafti hiyo, akatua Minnesota Twins, na mwaka 2000 akarusha awamu 86 kwa wastani mbaya wa pointi, 6.49. Twins walimeza. Mwaka 2004 na 2006 alikuwa mrushaji bora wa ligi yake. Kabla yake, 1954, Pirates walimchukua Roberto Clemente kutoka mfumo wa Dodgers kwa dola 4,000, akaja kufikisha mapigo 3,000. Wengi wa Kanuni ya Tano hurudishwa kabla ya Juni, na ndivyo inavyotarajiwa. Timu dhaifu ambayo haitumii nafasi hii, lakini, siielewi. Inapoteza mechi 95 hata hivyo. Kiti kimoja cha benchi kitaigharimu nini?

Wageni kutoka Japan wana matatizo ya aina nyingine, mengi yakiwa mkononi kabisa. Mpira wa Japan ni mdogo kidogo na unanata. Wa Marekani unateleza, ndiyo maana hupakwa tope maalumu kabla ya mechi. Mrushaji anayetegemea mrusho wa kudondoka, unaoshikwa kati ya vidole viwili vilivyotanuliwa, anapoteza mshiko kwanza hapo. Kule alirusha mara moja kwa wiki; huku zamu yake inarudi kila siku ya tano au ya sita. Kuna saa ya kurusha: sekunde 15 besi zikiwa tupu, 18 zikiwa na mtu.

Yoshinobu Yamamoto alisaini na Los Angeles Dodgers miaka 12 kwa dola milioni 325, na mechi yake ya kwanza, Seoul, Machi 21, 2024, alidumu awamu moja: mipira 43, pointi tano. Alimaliza msimu huo na wastani wa 3.00, na mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa fainali za World Series. Roki Sasaki alikuja 2025 kwa masharti tofauti kabisa. Kwa kuwa alikuwa chini ya miaka 25, kanuni zilimhesabu kama mchezaji wa ridhaa kutoka nje, akapata bonasi ya dola milioni 6.5 na mkataba wa ligi ndogo. Machi 19, Tokyo, aligawa besi tano za bure, zinazotolewa mrushaji akikosa eneo mara nne, katika awamu tatu. Mei bega likamtoa. Alirudi Septemba kama mrushaji wa awamu za mwisho, akawa anafunga mechi za mtoano. Klabu ilimbadilishia kazi badala ya kumlazimisha ile aliyosajiliwa, na hilo ni gumu kulifanya kwa mgeni mwenye jina.

Japan wenyewe wana mfumo wao wa wageni unaostahili makala yake. Kambi hufunguliwa Februari 1, na vijana wa mkataba wa malezi huvaa namba za tarakimu tatu mpaka wapate nafasi katika wachezaji 70 wa kudumu. Kodai Senga aliingia SoftBank Hawks kwa njia hiyo mwaka 2010. Mwaka 2023 aliingia New York Mets, akawa wa pili katika kura za mgeni bora.

Msimu ukishaanza, kosa la kawaida ni kumhukumu mgeni kwa wiki mbili. Jackson Holliday, chaguo la kwanza la drafti ya 2022, alipandishwa na Orioles Aprili 10, 2024, akiwa na miaka 20. Katika mechi kumi alipata mapigo mawili kwa zamu 34 na kutolewa kwa straiki, yaani kwa kufikisha makosa matatu, mara 18. Alirudishwa chini Aprili 26. Tazama aina ya kushindwa kwake, si wastani. Nusu ya mara alizosimama ziliishia kwa straiki ya tatu. Kiwango cha kutolewa kwa straiki ni miongoni mwa namba zinazotulia mapema, takriban zamu 60 hivi, kwa sababu hakitegemei bahati ya mpira uliangukia wapi. Kwa hiyo 18 ilikuwa onyo la kweli, wakati .059 yenyewe ilikuwa kelele. Alirudi Julai 31, na siku hiyohiyo akapiga homurani besi zikiwa zimejaa.

Upande wa pili kuna Yermín Mercedes wa Chicago White Sox, aliyefungua msimu wa 2021 kwa mapigo manane katika zamu nane za kwanza. Mwanzoni mwa Julai alishushwa ligi ndogo. Kilichotokea katikati huwatokea karibu wote: baada ya wiki nne hivi klabu zote zina video zake za kutosha, na warushaji huanza kumlenga anapochelewa. Mrusho wa kasi juu ya kifua ukimshinda, atauona huo tu. Akianza kuusubiri, anapewa wa kukunja chini nje. Kipimo changu cha mgeni ni timu inayokutana naye kwa mara ya pili, kwa kawaida Mei au Juni. Je, bado anaifukuzia mipira ya nje ya eneo? Je, zamu zake zinachukua mipira minne au mitano, au anamaliza kwa miwili? Aaron Judge alipiga .179 katika mechi 27 za mwaka 2016, kisha 2017 akapiga homurani 52. Katikati alirekebisha namna ya kusimama na akaacha kufukuza.

Nje ya uwanja mambo ni madogo ila yanauma. Mchezaji wa Jamhuri ya Dominika au Venezuela mwenye miaka 20 anayepandishwa usiku, akafika mji asioujua asubuhi, anatakiwa ndani ya saa chache akumbuke ishara zote za timu na mpango wa kila mpigaji wa upande wa pili. Tangu 2016 kila klabu inatakiwa kuwa na wakalimani wa Kihispania, na tangu 2022 klabu zinawapa makazi wachezaji wengi wa ligi ndogo. Kabla ya hapo vijana walilala sita chumba kimoja, juu ya magodoro ya kupulizwa.

Afrika Mashariki ina sababu ya kufuatilia haya yote, na sababu hiyo iko Uganda. Timu ya watoto ya Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, mwaka 2012. Mwaka 2022 Dodgers walisajili Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma. David Matoma, mrushaji, alisajiliwa na Pirates na amepita katika timu zao za ligi ndogo za Florida. Hao hawaanzi kwenye orodha ya 40, wala kwenye mechi za Machi zinazoonyeshwa. Ngazi yao huanza ligi ya kambini, kisha Low-A, High-A, Double-A, Triple-A, na wengi huhitaji mwaka mmoja kwa kila ngazi hata wasipoumia. Mwafrika wa kwanza kufika juu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, alisajiliwa na Pirates 2008 na akaingia uwanjani Aprili 26, 2017. Zamu yake ya kwanza alipata pigo safi dhidi ya Jon Lester. Ilikuwa imemchukua karibu miaka tisa.

Anayetaka kuwafuata Waganda basi aziache orodha za ufunguzi wa ligi kuu, afungue vikosi vya Low-A vinavyotangazwa mwanzoni mwa Aprili, na asome safu tatu tu: umri, awamu alizorusha, na besi za bure alizogawa. Kijana anayerusha kasi na kugawa besi sita za bure kwa awamu tisa bado yuko mbali. Ikishuka hadi tatu, klabu itaanza kujiuliza kama imwingize kwenye orodha ya 40 kabla Desemba haijafika na mwingine kumchukua.